Sauti Ile Si Yangu: Kwa Nini Tunaona Haya Kujirekodi Tukiimba

Mwalimu wa kwaya akituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba kila mwimbaji ajirekodi peke yake, ubeti mmoja tu, na kuutuma kabla ya mazoezi ya Alhamisi, watu ambao kila Jumapili huimba mpaka bati likaitika huanza ghafla kuugua mafua. Mmoja simu yake imejaa, mwingine bando limekwisha, mwingine mtoto ndiyo kwanza amelala. Nimeimba sauti ya tatu kwa miaka mingi na mafua hayo nimeyaugua mwenyewe, kwa hiyo siyaandiki kwa kejeli. Ukiwabana wenye visingizio hivyo, wengi watakiri kwamba walijirekodi, tena mara tano au sita, wakasikiliza, wakafuta. Ukiwauliza sababu, utapata moja kati ya majibu mawili: “Sauti ile si yangu,” au, “Kumbe sijui kuimba.”

Majibu hayo husemwa kwa pumzi moja kana kwamba yana maana moja, ilhali mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Kuiona sauti yako kuwa ngeni ni suala la mifupa ya kichwa. Kuimba vibaya kunaweza kuwa kweli, lakini pia kunaweza kuwa kumeletwa na simu, au na haya yenyewe, ambayo kama tutakavyoona ina uwezo wa kuharibu sauti kabla haijafika kwenye maikrofoni. Mambo haya manne, yaani mifupa, mtambo, haya na makosa halisi ya uimbaji, yamesokotwa pamoja kiasi kwamba anayesikiliza rekodi yake huyapokea yote kama pigo moja. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haimsaidii mtu mwenye tatizo jingine.

Mtu anapoimba, sauti yake humfikia mwenyewe kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni ya hewa: mawimbi hutoka kinywani, huzunguka mashavu, huingia kwenye tundu la sikio na kutikisa kiwambo, kisha mtikisiko huo hupokezanwa na vile vifupa vitatu vidogo, nyundo, fuawe na kikuku, mpaka kwenye koklea, kiungo kilicho ndani kabisa ya sikio, ambako hugeuzwa kuwa taarifa za neva. Njia ya pili haipiti nje ya kichwa kabisa. Mtikisiko wa koo na wa kinywa husafiri ndani ya nyama na mifupa ya fuvu na kuifikia koklea bila kupitia mlango wa sikio. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1961 kwa kazi yake kuhusu koklea, alionyesha mwaka 1949 kwamba sehemu ya sauti yetu inayopita kwenye mifupa ina ukubwa unaokaribiana na ile inayopita hewani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya sauti unayoijua kuwa ni yako haijawahi kusikiwa na kiumbe mwingine yeyote.

Mifupa hupitisha vizuri zaidi masafa ya chini, yaani mitikisiko ya polepole inayotoa sauti nzito, na ndiyo sababu ndani ya kichwa kila mtu ana sauti nene yenye kifua. Masafa ya juu, yale yanayoipa sauti ukali wake na yanayotutenganishia “s” na “sh”, hutoka kinywani yakielekea mbele kama mwanga wa tochi, kwa hiyo masikio, yaliyo ubavuni mwa kichwa, huyapata kwa kiasi kidogo. Maikrofoni iliyowekwa mbele ya uso huyapokea yote hayo ya juu na haipati chochote cha mifupa. Ndiyo maana rekodi husikika nyembamba na kali kuliko ulivyotarajia, na wanaoimba besi ndio ninaowaona wakiumia zaidi, kwa kuwa wao huporwa kile hasa walichokuwa wakijivunia.

Jambo hili unaweza kulihakiki bila kifaa chochote. Ziba masikio kwa vidole na uimbe “mmm” kwa noti ya chini: utaisikia sauti ikijaa kichwani kama ngoma, kwa sababu njia ya mifupa imebaki na uwanja wake. Kisha toa vidole, chukua madaftari mawili magumu na uyasimamishe mbele kidogo ya masikio, moja kila upande, kama ngao zinazotenganisha kinywa na sikio, na uimbe tena. Sauti iliyokuwa ikitoka kinywani moja kwa moja hadi sikioni sasa imezuiwa, na kinachokufikia zaidi ni kile kilichogonga ukuta na kurudi, kikifanana kwa kiasi na anachokisikia aliyekaa mbele yako. Wapo waadhini na wasomaji wa kaswida wanaoweka kiganja sikioni wakati wa kupaza sauti, na wao hufanya kinyume cha jaribio hilo la madaftari: hujikusanyia sauti yao wenyewe ili waweze kuiongoza.

Mtu akishaelewa hayo, nusu ya uchungu huondoka, lakini si wote. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Holzman na Clyde Rousey, walichapisha uchunguzi uliohoji kama tofauti ya masafa peke yake inatosha kueleza jinsi watu wanavyoshtuka wakisikilizishwa rekodi za sauti zao. Hoja yao ni kwamba msikilizaji hushtushwa pia na mambo ambayo hakukusudia kuyasema: wasiwasi, uchovu, kujipendekeza, huzuni. Sauti huvujisha siri hizo, na mwenyewe ndiye wa mwisho kuzisikia. Mwaka uliofuata walirudi kwa watu wenye lugha mbili, waliojifunza lugha ya pili wakiwa wamevuka umri wa miaka 16, wakaona kwamba kusikia sauti yao katika lugha ya mama kuliwatikisa zaidi kuliko katika lugha ya kujifunza. Hilo halinishangazi hata kidogo. Najua waimbaji wanaojirekodi kwa Kiingereza bila taabu yoyote, lakini ukiwaomba wimbo wa lugha waliyonyonyeshwa nayo, sauti inakwama kooni.

Tukija kwenye mtambo, jambo la kukumbuka ni kwamba simu iliumbwa kwa ajili ya mazungumzo. Laini za simu za zamani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kwa sababu hayo yalitosha kuelewa maneno, na ingawa simu za leo hurekodi zaidi ya hapo, tabia ya kuthamini maneno kuliko muziki imebaki ndani ya programu zake nyingi. Programu ya kupunguza makelele, kwa mfano, hutafuta sauti inayoendelea bila kubadilika, kama feni au injini, na kuifinya. Mwimbaji anayeshikilia noti moja kwa sekunde sita anafanana mno na feni machoni pa programu hiyo, kwa hiyo noti yake hukatwakatwa au hufifia, na yeye hudhani pumzi imemwishia. Programu nyingine hupandisha sehemu zilizoimbwa kwa sauti ndogo na kushusha zilizoimbwa kwa sauti kubwa, ikasawazisha kwa nguvu ule mpando na mshuko wa sauti alioufanyia kazi wiki nzima. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hubanwa sana ili usile bando, na kinachopotea kwanza katika kubanwa huko ni kile kinachoupa wimbo uhai. Hedifoni za bila waya, zikitumika kama maikrofoni, mara nyingi hushusha ubora zaidi, na huleta sauti ya ala kwa kuchelewa kidogo, hivyo mwimbaji hujikuta nyuma ya mdundo.

Tumia basi programu ya kurekodi iliyomo ndani ya simu badala ya ujumbe wa sauti, na kama ina mpangilio wa kuzima upunguzaji wa makelele, uzime. Weka simu umbali wa shibiri moja na nusu hivi kutoka kinywani, pembeni kidogo, ili pumzi ya “p” na “b” isiipige maikrofoni moja kwa moja. Sauti ikisikika inapasuka, rudi nyuma hatua moja, usipunguze nguvu ya kuimba. Chumba chenye vigae na kuta tupu huirudisha sauti ikiwa na mwangwi mkali, wakati kona yenye godoro, mapazia na kabati la nguo lililo wazi huituliza. Wengine hujirekodi ndani ya gari lililoegeshwa na kufungwa vioo, na hilo ni wazo zuri kuliko linavyosikika, kwa sababu viti hunyonya mwangwi na jirani hasikii.

Huyo jirani ndiye anayetupeleka kwenye haya. Kwa lugha yetu haya ni sifa njema. Mtoto asiye na haya husemwa vibaya hata kabla hajafanya kosa, na asiyeona haya wala soni hana la kumzuia. Aibu hufuata tendo lililokwisha kutendeka, lakini haya hutangulia, hukaa mlangoni ikilinda heshima ya mtu. Kwa hiyo anayemwambia mwimbaji “acha haya” kwa wepesi hajui anachomwomba, hasa kama mwimbaji huyo ni mke wa mtu, au ni mtu mzima katika nyumba ambayo kuimba peke yako kwa sauti kunaweza kufasiriwa visivyo. Kuimba kwetu kwingi kumejengwa juu ya stara. Katika kwaya, katika kaswida, katika kiitikio cha taarabu, sauti ya mmoja husitiriwa na za wenzake, na anayekosea anajua kwamba wenzake watamfunika. Rekodi ya mtu mmoja huondoa stara hiyo yote kwa mara moja, na siwalaumu wanaohisi kana kwamba wamevuliwa kanga hadharani.

Tatizo ni pale haya inapoingia kooni. Fikiria anayekaa chumba cha kupanga katika nyumba ambayo kuta hazifiki kwenye paa na hakuna dari, ambako hata anayegeuka kitandani husikika chumba cha tatu. Anapojirekodi, huimba kwa kunong’ona. Anayenong’ona hasukumi hewa ya kutosha, na hewa ikipungua noti haisimami, hasa mwishoni mwa mstari, ikashuka chini ya pale ilipotakiwa kuwa. Mabega yamepanda, taya limekaza, kinywa hakifunguki, na irabu zetu tano zilizo wazi, ambazo ni neema kubwa kwa mwimbaji wa Kiswahili, zinasikika zimebanwa. Kisha husikiliza, husikia sauti dhaifu iliyoteleza, na kuhitimisha kwamba hana sauti. Kilichorekodiwa pale kilikuwa haya yake, na uwezo wake haukupata nafasi ya kusikika, lakini kesho atanong’ona zaidi kwa sababu sasa ana ushahidi. Kwa mtu wa namna hii ushauri wa kujiamini hauna maana. Anahitaji mahali pa kuimbia kwa sauti yake kamili, awe kanisani kabla ya mazoezi, shambani, ufukweni au kwenye lile gari.

Kuhusu macho ya watu, au tuseme masikio yao, kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji ambaye vijana waliona ni wa kutia aibu, wakaingizwa katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo waliigundua picha hiyo, kumbe walioigundua hasa walikuwa karibu robo. Kwa mwimbaji, maana yake ni kwamba ile noti iliyoteleza ambayo yeye amerudia kuisikiliza mara 15, mwenzake kwenye kundi ataisikia mara moja akiwa kwenye daladala, kama ataisikia.

Haya hulishwa pia na kulinganisha. Nyimbo tunazozisikia redioni zimepita mikononi mwa prodyuza: mistari imeimbwa mara nyingi, vipande vilivyo bora vimeunganishwa, mwangwi wa kupendeza umeongezwa, na mara nyingi noti zimenyooshwa kwa programu. Programu maarufu zaidi ya kunyoosha noti, Auto-Tune, ilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alichambua mawimbi yanayopita ardhini kutafuta mafuta. Mtu aliyekua akisikia sauti zilizopitia chombo hicho ana haki ya kuiona yake ikiwa mbichi, kwa sababu kweli ni mbichi.

Hapa ndipo ninapopenda kumkumbuka Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyesafiri mwaka 1928 na wanamuziki wenzake kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zenye nembo ya His Master’s Voice. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10, ikizunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba takriban dakika tatu, hivyo wimbo ambao Unguja ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyonogewa ulibidi ukatwe. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta, wala hapakuwa na namna ya kurekebisha mstari mmoja na kuacha mwingine. Zaidi ya hayo, nta ikichezwa iliharibika, kwa hiyo sahani iliyokusudiwa kuuzwa haikuweza kusikilizwa palepale na aliyeimba. Mwimbaji wa zama zile aliimba, akaondoka, na sauti yake akaja kukutana nayo baada ya muda. Sisi tunajisikia baada ya sekunde moja, tukiwa bado tunahema, na kitufe cha kufuta kiko chini ya dole gumba. Naamini kasi hiyo imeongeza haya kuliko ilivyopunguza, kwa kuwa hakuna anayehukumu kwa haki akiwa bado amesimama kizimbani.

Kwa sababu hiyo, kanuni ninayoitilia mkazo kuliko zote ni kutosikiliza siku ileile. Rekodi, hifadhi, lala, sikiliza kesho asubuhi. Robert Zajonc, mwanasaikolojia mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1968 jinsi watu wanavyozidi kukipenda kitu kadiri wanavyokutana nacho mara kwa mara, hata bila kukifikiria, na waimbaji wazoefu ni mfano hai wa jambo hilo: wameizoea sauti yao ya nje mpaka ikawa yao. Lakini mazoea hayo hukolea vizuri kwa kitu ambacho mtu hakukichukia tangu mwanzo, na anayejilazimisha kurudia rekodi mbaya inayomuudhi anaweza kuongeza chuki tu. Ndiyo maana simu na chumba hutangulia. Anza pia na yaliyo mepesi: soma ubeti kwa sauti ya kawaida na uurekodi, siku ya pili uvumishe tuni bila maneno, siku ya tatu uimbe. Sikio litakuwa limekwisha kuzoea wembamba mpya wa sauti kabla ya kukutana na hofu ya noti.

Yakishaondolewa hayo yote, yanabaki makosa halisi, na inashangaza jinsi yanavyokuwa machache. Kwanza tuondoe hofu ya kwamba huenda mtu hakuumbiwa muziki. Utafiti wa Isabelle Peretz na Dominique Vuvan uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu waliozaliwa na kasoro ya kutotambua tuni ni takriban asilimia 1.5, na kwa kawaida watu hao hawasikii kwamba wamekosea. Anayesikia rekodi yake na kukunja uso kwa sababu noti imeshuka, ameonyesha kwa kule kukunja uso kwamba sikio lake ni zima.

Sikiliza basi mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja. Mara ya kwanza fuata noti tu, ukiwa na kinanda au programu yake kwenye simu ili upate “do” ya uhakika. Angalia hasa miisho ya mistari, kwa sababu huko ndiko sauti hushuka. Kama uliimba ukiwa umevaa hedifoni masikio yote mawili, huenda kosa lote limetoka hapo, kwani hukujisikia. Vua upande mmoja na urudie. Mara ya pili fuata pumzi: umeikata katikati ya neno, au umevuta hewa kwa kelele? Mara ya tatu fuata maneno, na hapo kuwa mpole na nafsi yako, maana tenzi nyingi tunazoimba zilitafsiriwa juu ya tuni za Ulaya, na mkazo wa Kiswahili, unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, mara nyingi haukuangukia kwenye pigo zito la muziki. “Mwokozi” ikisikika kama neno la kigeni kinywani mwako, mara nyingi wa kulaumiwa ni mfasiri, na amekwisha kupumzika.

Ukifika wakati wa kumsikilizisha mtu, mchague mmoja, tena anayejua, na umwulize swali jembamba. Swali la “unaionaje?” humlazimisha akusifu au akuumize. Swali la “mstari wa pili nimeshuka?” hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na mazungumzo hubaki kwenye mstari wa pili.

Kuna zoezi moja nililofundishwa na mwalimu wetu, ambalo lilinifanyia kazi kuliko mengine. Rekodi sauti yako ya kawaida, kwangu ya tatu, kisha siku ya pili azima simu nyingine, cheza rekodi ile, na uimbe juu yake sauti ya pili au ya nne, huku ukirekodi tena. Huwezi kufanya hivyo na wakati huohuo ukajihukumu, kwa sababu una kazi: unamsikiliza yule wa kwenye simu anapovuta pumzi, unangoja anaporefusha noti, unamsogelea anaposhuka. Mara ya kwanza nilipolifanya nilifika ubeti wa tatu ndipo nikagundua kwamba nimekuwa nikimnung’unikia kwa kukimbiza mdundo, kama ninavyomnung’unikia kila Alhamisi yule anayesimama kulia kwangu.